Throtobodi ya gari nyengine, msitazame boliti pekee

Wale mnaotafuta throtobodi (kile kifaa kinachopitisha hewa ya kuingia injini) ya gari nyengine kwa sababu ya gari yenu haipatikani ama bei haishikiki, mashimo ya boliti kulingana si kitu, hata kifuniko cha sufuria ya jirani chaweza kuingia. Tazama kwanza kama yako ni ya kebo ama ya umeme, hizo hazibadilishani hivi hivi. Halafu chukua venia, kile kipimo cha milimita, upime ndani pale kipepeo, yaani kile kibati cha kufungua na kufunga hewa, kinapozunguka, yako ikiwa 55mm na hii ni 60 na menifoldi, yaani bomba la kuingiza hewa kwa injini, ni ile ile, hewa itagonga ukingo tu na nguvu huioni. Soketi nayo kuingia isikudanganye, sensa ya kipepeo mara nyingi ina waya wa volti 5, wa athi (ule wa chini) na wa kupeleka ishara, na mpangilio waweza kuwa tofauti, kwa hivyo pima na mita ya umeme kabla hujawasha, na kwa chumvi hii yetu ya Mombasa chungulia pini kama zina ile kutu ya kijani. Gasketi nunua mpya, mambo ya kupaka gundi ya silikoni wachana nayo. Ukishafunga, mlio wa injini ukiwa wapanda na kushuka wenyewe, ipulizie throtobodi dawa ya kuoshea kabureta kidogo kandokando kabla injini haijapata moto, mlio ukibadilika tu basi hapo ndipo inapoiba hewa.