Familia Imekua, Leaf Imebana: Ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamia SUV Kubwa ya Umeme

Hapa Kenya, mlango wa wengi kuingia kwenye magari ya umeme umekuwa Nissan Leaf iliyotumika, iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani. Betri yake ni ndogo, yuniti 24 au 30 kwa matoleo ya zamani (yuniti ni zile zile za tokeni, yaani kilowati-saa), na kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi haisumbui. Usiku unaichomeka kwenye soketi ya kawaida, asubuhi imejaa. Kisha anazaliwa mtoto wa tatu, nyanya yao anakuja kukaa miezi miwili, na yaya naye lazima apate pa kukaa. Hesabu vichwa: saba. Leaf ina viti vitano, na kile cha katikati kule nyuma ni cha kuvumilia.

Wengi wakifika hapo hukimbilia yadi kutazama magari. Mimi ningekuomba uanze nyumbani, kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa sababu gari likiwa kubwa betri nayo inakuwa kubwa, na nyumba iliyoilisha Leaf bila shida inaweza kushindwa kulisha mgeni huyu.

Chukua kalamu upige hesabu ya kilomita. SUV ya viti saba hula takriban yuniti 20 hadi 24 kwa kilomita 100, wakati Leaf ikienda taratibu mjini hula 14 au 15. Kama mizunguko yako ya siku ni kilomita 50, gari kubwa litahitaji yuniti 10 hadi 12 kila usiku. Soketi ya pini tatu, chaja ikivuta ampea 10, hutoa yuniti 2.4 kwa saa. Saa tano zinatosha. Kwa hiyo muuzaji wa chaja asikutishe kwamba bila mtambo wake gari halitatoka getini.

Taabu inakuja Jumapili usiku, umerudi safari na betri iko asilimia 10, na Jumatatu kuna shughuli upande wa pili wa mji. Kia EV9 kubwa ina betri ya yuniti 99.8. Kwa soketi ile, kuijaza ni zaidi ya saa 40. Na hata ukiwa na subira hiyo, soketi za bei rahisi hazipendi kubeba mzigo saa nyingi mfululizo: zinapata moto na plastiki inageuka rangi ya kahawia. Ukiona hivyo, chomoa na usiitumie tena.

Dawa ni chaja ya ukutani ya ampea 32, inayotoa takriban kilowati 7.4. Usiku mmoja inakurudishia yuniti 60 hivi. Ila nyumba nyingi zina laini ya fezi moja, mara nyingi ya ampea 60, na humo ndani tayari kuna wenye njaa. Hita ya kuogea ya papo hapo peke yake huvuta kilowati 5 na zaidi. Mtu akiingia bafuni gari likiwa linachaji, na jikoni oveni imewashwa, mmeshapita kiwango. Swichi kuu inaruka na nyumba nzima inabaki gizani, aliyejipaka sabuni akiwemo. Zipo chaja zinazopima matumizi ya nyumba na kujipunguza zenyewe mzigo ukizidi. Uliza habari hiyo kabla hujaulizia rangi na programu ya simu.

Usipuuze ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Magari mengi ya umeme hujipima kabla ya kuchaji, na ethi ikiwa mbovu yanagoma. Utadhani gari ni bovu, kumbe ni ile fimbo ya shaba nje ya nyumba iliyooza miaka mingi au haikuwahi kufika chini ya kutosha. Mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati), apime ethi kwa kifaa, avute waya wa chaja kutoka kwenye kisanduku kikuu (usiunganishwe na soketi nyingine), na aweke swichi inayokata umeme ukivuja, ya aina iliyokusudiwa chaja za magari.

Kuhusu bili, EPRA iliweka bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa zisizo na msongamano usiku, kabla ya kodi na tozo. Nenda Kenya Power uulize bei ya sasa na masharti ya mita ya pembeni, ya gari peke yake. Ukibaki kwenye mita ya nyumbani, kumbuka kwamba wanaozidi yuniti 100 kwa mwezi huangukia daraja la juu la bei, na gari hili peke yake litakuvusha mstari huo bila jasho.

Unayeishi kwenye fleti una kazi ya ziada, na ni ya mdomo zaidi kuliko ya nyaya. Leaf uliweza kuichaji kwa kebo ya kuazima kutoka kwa mlinzi, ukimwachia chochote. Kwa gari la yuniti 80 au 100, majirani wataanza kuuliza nani analipa. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye nyumba au kamati ya wakazi, nafasi ya maegesho iliyoandikwa jina lako, na mita ndogo ya kusoma matumizi yako. Bila vitu hivyo vitatu, ningesubiri.

Sasa gari lenyewe. Viti saba kwenye tangazo na viti saba ndani ya gari ni mambo mawili. Mercedes EQB ina toleo la viti saba, lakini mtengenezaji mwenyewe anasema viti vya safu ya tatu ni vya watu wasiozidi mita 1.65. Nyanya akiwa mfupi atatosha kwa urefu, lakini je, magoti yake yatamruhusu kupanda kwa kupenya kando ya kiti kilichokunjwa? Huenda yaya ndiye atakayekaa huko na nyanya akaja mbele. Yaamueni haya mkiwa nyote mmesimama kando ya gari. Picha za mtandaoni hazionyeshi goti linalouma.

Nenda na viti vya watoto vyenyewe, vile mnavyotumia. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hula nafasi ya mbele kuliko unavyodhani, na viwango vipya vya Ulaya vinataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Jaribu kufunga vitatu kwa pamoja. Angalia viti gani vina vishikizo vya ISOFIX, vile vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto. Mara nyingi safu ya tatu haina. Na kama kiti chako cha mtoto kinakaa safu ya pili juu ya ISOFIX, jaribu kukunja kiti hicho ili mtu apite nyuma. Mara nyingi hutaweza, na hapo ndipo utajua mpangilio wa familia utakuwaje kila asubuhi.

Buti nayo hudanganya. EV9 ikiwa na watu saba inabakiwa na lita 333 tu, wakati safu ya tatu ikilazwa zinakuwa zaidi ya 800. Lita 333 ni pungufu ya buti ya Leaf yenyewe. Kwa maneno mengine, siku mnayosafiri wote saba, kigari cha mtoto, masanduku na gunia la kurudi nalo kutoka mashambani vitagombania nafasi ya vikapu viwili. Boksi la juu ya paa linasaidia, lakini linaongeza ukinzani wa upepo, na kwa gari la umeme upepo unalipwa kwa kilomita.

Wengine watagundua hapa kwamba hawahitaji viti saba. Kama nyanya huja mara mbili kwa mwaka na yaya hapandi nanyi kila siku, gari la viti vitano lenye nafasi, kwa mfano BYD Atto 3 ya yuniti 60.48, linaweza kuwatosha kwa bei iliyo nafuu kuliko ya haya makubwa, na siku za wageni mkakodi. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Ukiamua kuagiza lililotumika, nchi linakotoka inaamua mengi. Kenya inataka usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8, hivyo yale magari makubwa ya umeme ya bei nzuri yaliyotengenezewa soko la China, yenye usukani wa kushoto, hayatuhusu. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, wana nafasi hiyo. Sisi tunabaki na Japani, Uingereza na nchi chache nyingine, na hapo tundu la chaja ndilo la kuchunguza. EQB iliyouzwa Japani ina tundu la CHAdeMO, mtindo wa Kijapani, kwa chaja ya kasi. Pacha wake wa Uingereza ana CCS2, mtindo wa Ulaya. Leaf yako ni CHAdeMO, kwa hiyo utashawishika kubaki huko ulikozoea. Mimi nisingebaki. Ulaya imeshaipa CHAdeMO kisogo, hata Nissan walipoipeleka Ariya huko waliipa CCS. Fungua programu ya PlugShare, tazama barabara unazopita, na uhesabu ni vituo vingapi vina tundu la gari unalolitaka.

Omba pia taarifa ya afya ya betri iliyosomwa kwa kifaa, na utie shaka picha ya dashibodi. Leaf ilikuzoesha kuhesabu vile vibao 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri. Magari mengine hayaonyeshi hivyo. Dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000 ni ya kawaida kwa gari jipya, lakini usidhani itavuka bahari pamoja na gari lililotumika. Uliza pia kemikali ya betri. Betri za LFP (za lithiamu na fosfeti ya chuma), kama za BYD, hazina neno kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara; nyingi za nikeli huishi zaidi zikizuiwa kwenye asilimia 80 siku za kawaida. Ina maana kwamba betri mbili zenye ukubwa ule ule kwenye karatasi hazikupi kilomita zile zile kila asubuhi.

Safari ya mbali ndiyo sababu iliyowafanya wengi watake gari kubwa, basi ipigie hesabu kabla ya kulipa. Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Kwa yuniti 22 kwa kila kilomita 100, hiyo ni zaidi ya yuniti 105, kabla hujawasha kiyoyozi kuanzia Voi. Kwenda, mteremko unakusaidia, kwa kuwa mota hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Kurudi ni habari nyingine. Gari la tani mbili na nusu, likijaa watu saba na mizigo, linakaribia tani tatu, na kulipandisha mita 1,700 kutoka pwani kunahitaji karibu yuniti 14 juu ya matumizi ya kawaida. Hizo ni kilomita 60 za masafa zilizopotelea mlimani. Kwa hiyo panga kuchaji njiani mara moja kwenda na pengine mara mbili kurudi, na kituo chako cha kwanza kiwe na kingine cha kukiokoa mbele yake au nyuma yake, maana chaja iliyokufa Mtito Andei na watoto watatu ndani ya gari si jambo la kujaribiwa. Barabara ya Kisumu ni fupi, kama kilomita 350, lakini ina milima ya Mau katikati.

Ukipita matuta, kumbuka betri iko chini ya sakafu. Pima nafasi kati ya gari na ardhi, kisha ujue itapungua watu saba wakipanda. Mengi ya magari haya hayana tairi la spea, yanakuja na dawa ya kuziba na pampu, jambo lisilotosha tairi likipasuka ubavu kwenye barabara ya vumbi. Tairi zenyewe ni za inchi 19 hadi 21, za kubeba uzito mkubwa, na zinaisha haraka. Ulizia bei na upatikanaji wake kabla hujasahau.

Kodi na bima nazitaja kwa haraka kwa sababu hubadilika. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa hadi asilimia 10 mwaka 2019, lakini kila bajeti ya Juni inaweza kugusa kiwango fulani, na thamani inayotumiwa na KRA, mamlaka ya mapato, si lazima iwe ile uliyolipa mnadani. Pata hesabu ya wakala wa forodha kwa maandishi, yenye tarehe. Kwenye bima, uliza kama betri na kebo ya kuchajia vimo, na ni gereji gani itakayoruhusiwa kugusa gari likigongwa.

Linabaki suala la Leaf. Kuiuza kabla SUV haijatoka bandarini ni kujitafutia wiki kadhaa za teksi na watoto watatu. Na wengi hawaiuzi kabisa: inabaki ya mjini, kubwa inatoka mwisho wa wiki. Kama huo ndio mpango wako, nunua chaja ya ukutani yenye tundu, isiwe ile yenye kebo iliyofungwa moja kwa moja, kisha nunua kebo mbili, kwa sababu Leaf ya Japani hutumia plagi ya Aina ya 1 na gari la Uingereza Aina ya 2.