Uombe vyuo vingapi vya uuguzi wa usingizi Marekani? Namna ya kuipata idadi yako

Kila msimu wa maombi unapokaribia, manesi wenzetu walioko ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) huku Marekani, wanaotaka kusomea utoaji wa usingizi kwa upasuaji, hunipigia simu wakiuliza jambo lile lile: niombe vyuo vingapi? Wengine wameshajaza fomu mbili tu kwa sababu viko karibu na nyumbani. Wengine wana orodha ya vyuo kumi na tano na hawajafungua tovuti hata ya kimoja kusoma masharti yake.

Kwa walio wengi jibu langu ni vinne hadi saba. Ila usianze na namba. Vyuo vyenye ithibati vimepita 120, na ukivichuja kwa utaratibu huu, vitakavyobaki mkononi ndivyo vya kuomba.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kuomba

Ithibati ya vyuo hivi hutolewa na baraza linaloitwa COA. Usipohitimu kwenye chuo kilichoithibitishwa nalo huwezi kukaa mtihani wa taifa wa kuwa CRNA, yaani nesi wa usingizi aliyeidhinishwa, kwa hiyo orodha iliyo kwenye tovuti yake ndiyo ya kuanzia. Baraza linadai uwe na shahada ya kwanza, leseni ya RN (nesi aliyesajiliwa) isiyo na vikwazo, na angalau mwaka mmoja wa kazi ya muda wote katika uangalizi mahututi. Vyuo vingi kwa desturi zao vinapenda miaka miwili au zaidi.

Wenzetu waliosoma nyumbani wasikilize hapa kwa makini. Kama ulimaliza diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, na ukaingia Marekani kwa NCLEX (mtihani wa leseni ya uuguzi), kamilisha BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, kwanza. Kama una digrii ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, itabidi ifanyiwe tathmini ya kozi moja moja, na kila chuo kina taasisi za tathmini kinazozikubali. Uzoefu wa ICU unaohesabika ni ule wa ndani ya Marekani na himaya zake, au wa hospitali ya jeshi la Marekani iliyoko nje. Aliyetoa usingizi kwa miaka mingi baada ya kusomea hospitali ya Kijabe, Kenya, au KCMC, Tanzania, ana hazina kubwa ya kuizungumzia kwenye usaili, lakini miaka ile haichukui nafasi ya ICU ya huku. Ni sharti chungu. Lijue kabla hujalipa ada hata moja.

Ujue pia kwamba tangu Januari 2022 kila mwanafunzi mpya anaingia kusomea shahada ya udaktari wa kitaaluma (si utabibu), yaani DNP ya uuguzi au DNAP ya uuguzi wa usingizi, kwa muda usiopungua miezi 36.

Hatua ya 2: Jisome kwa jicho la kamati

Chukua transkripti zako zote, za huku na za nyumbani, uzilaze mezani. Piga GPA (wastani wa alama) tatu: ya jumla, ya masomo ya sayansi peke yake, na ya krediti 60 za mwisho. Vyuo vingi vinaweka kima cha chini cha 3.0, lakini wanaochaguliwa huwa juu ya hapo, na kamati nyingi zinatazama sayansi kabla ya kitu kingine. Kemia, anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia: huko ndiko jicho linakoanzia.

Kisha tazama ICU yako. Unashika wagonjwa wa aina gani? Mgonjwa mwenye ventileta (mashine ya kupumulia) na dawa tatu za kupandisha presha, akiwa na mrija ndani ya ateri wa kupimia presha, anakufundisha yale ambayo kamati inayatafuta. ICU za moyo, upasuaji na tiba hupokelewa karibu kila mahali. ICU ya watoto wachanga, idara ya dharura au chumba cha kuamkia baada ya upasuaji hupokelewa na baadhi ya vyuo tu, na hilo pekee linaweza kupunguza orodha yako kwa nusu. Angalia kama una cheti cha CCRN, kile cha uuguzi wa wagonjwa mahututi. Mtihani wake unahitaji saa 1,750 za kumhudumia mgonjwa mahututi ndani ya miaka miwili, au saa 2,000 ndani ya miaka mitano. Hata chuo kisichoudai kinauona.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Watu huamini kuwa kuomba vyuo vingi kunafidia udhaifu. Tuseme una nafasi moja kati ya tano kwa kila chuo, na kila chuo kinaamua bila kufanana na kingine. Vyuo vitatu vingekupa karibu asilimia 49 ya kupata angalau kimoja. Sita vingekufikisha karibu 74, na kumi karibu 89. Inavutia. Tatizo ni kwamba vyuo havikuamui kama karata zinazochanganywa upya kila mara. Vyote vinasoma transkripti ile ile. Ile C ya kemia iliyokufanya ukataliwe Ohio ndiyo itakayosomwa Florida na Tennessee. Kukataliwa kumi kunaweza kuwa ni kukataliwa kumoja kulikorudiwa mara kumi.

Kwa hiyo udhaifu unaorekebishika, rekebisha kwanza. Darasa moja la biokemia la ngazi ya juu ukapata A, au CCRN mkononi, au kuhama kutoka kitengo cha wagonjwa wa hali ya kati kwenda ICU yenyewe, huinua nafasi yako kwenye vyuo vyote kwa mpigo. Kuongeza vyuo vinne kwenye orodha hakuwezi kukufanyia hivyo. Ningekushauri usubiri mwaka mmoja ukiwa na mpango kuliko kuomba sasa kila mahali kwa haraka.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali, kisha anza kufuta

Fungua Excel. Mstari mmoja kwa kila chuo. Nguzo ninazotumia: tarehe ya mwisho, mwezi wa kuanza masomo, masomo ya lazima na umri wake, GRE (mtihani wa kuingilia masomo ya juu) inatakiwa au la, aina za ICU zinazokubalika, saa za kumfuata CRNA kazini, idadi ya barua na nani aziandike, kiwango cha kufaulu mtihani wa taifa, idadi ya wanaoacha masomo, gharama yote, na umbali wa hospitali za mafunzo.

Umri wa masomo huwakamata wengi. Kuna vyuo visivyokubali kemia au takwimu iliyosomwa zaidi ya miaka mitano, saba au kumi iliyopita. Mtu aliyemaliza BSN mwaka 2014 anaweza kuona vyuo vitano kwenye orodha yake vikifutika kwa nguzo hiyo moja.

Viwango vya kufaulu na vya wanaoacha havina haja ya kuuliziwa vijiweni. COA inavitaka vyuo vivichapishe kwenye tovuti zao. Ukikuta chuo ambacho wengi wanaondoka kabla ya kumaliza, jiulize mara mbili: huenda kinaingiza kwa urahisi na kutoa kwa urahisi, na mkopo unabaki kwako. Chuo kipya ambacho bado hakijatoa wahitimu hakitakuwa na takwimu hizo, na hilo nalo liandike.

Futa bila huruma. Sharti moja la lazima usilolitimiza, na ambalo hutalitimiza kabla ya tarehe ya mwisho, linatosha kukitoa chuo. Kama maandishi hayaeleweki, iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi na utunze jibu lao.

Hatua ya 4: Uliza kama ungehamia kweli

Kwa kila chuo kilichobaki, jibu swali hili mbele ya mwenzi wako au yeyote unayeishi naye: wakiniita kesho, nitakwenda? Kama jibu ni "tutaona," kiondoe.

Miezi 36 ni mirefu. Mafunzo ya vitendo peke yake hayapungui saa 2,000, na vyuo vingi vinakukataza au kukusihi usifanye kazi. Hospitali za mafunzo zinaweza kuwa saa mbili au tatu kutoka chuoni, na kuna mizunguko inayokulazimu kupanga chumba mji mwingine. Nani atabaki na watoto saa kumi alfajiri ukiwa unaandaa mashine ya usingizi? Mama anaweza kupata visa aje kukaa nanyi, au mnategemea ndugu walioko Dallas au Lowell? Kwa familia zetu, chuo cha kawaida kilicho karibu na shangazi mara nyingi kina thamani kuliko chuo chenye jina kubwa mahali usipomjua mtu. Watu wanakionea aibu kigezo hiki. Mimi nakiweka juu.

Fikiria pia wanaokutegemea nyumbani. Kama unalipa karo ya wadogo zako au matibabu ya mzazi, kaa nao mapema uwaeleze kuwa kwa miaka mitatu mkono utakuwa mfupi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa

Kuna bajeti mbili. Ya kwanza ni ya kuomba. Chukua mfano: ada dola 75, na transkripti tatu za dola 15 kila moja. Hiyo ni 120 kwa chuo, na vyuo sita ni 720. Vitatu vikikuita usaili wa ana kwa ana, na kila safari ikala 450 kwa ndege na hoteli, unaongeza 1,350. Jumla 2,070, kabla ya suti na zamu ulizokosa. Weka ada halisi za vyuo vyako. Vyuo vinavyotumia NursingCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, vinakupunguzia kazi kwa kuwa transkripti unazituma mara moja, ingawa vingine vinatoza ada yao juu yake. Tenga vilevile pesa ya kushikia nafasi, ambayo kwa kawaida hairudishwi.

Bajeti ya pili ni ya kusoma, na kwa sasa ndiyo inayobadilisha orodha za watu. Gharama ya vyuo vingi inapita dola 100,000. Kwa sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025, mkopo wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mkopo wa serikali kwa masomo ya kawaida ya uzamili na udaktari una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na kwa digrii zinazohesabiwa kuwa za kiprofesheni ni 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Uliza ofisi ya mikopo ya kila chuo programu yao inahesabiwa kundi gani, na jibu liwe kwa maandishi. Mwenye visa ya kazi au ya masomo hapati mikopo hii, lakini mwenye grini kadi (ukaazi wa kudumu) anapata. Kwa raia ipo pia programu ya jeshi huko San Antonio, ambako unasoma ukiwa afisa unayelipwa mshahara, kisha unalitumikia jeshi kwa miaka ya mkataba.

Chuo usichoweza kukilipia hata ukichaguliwa, kitoe sasa.

Hatua ya 6: Pima nguvu zako

Una zamu tatu za saa 12 kwa wiki. Insha nzuri, inayosema kwa nini chuo hiki na si kile, huchukua jioni kadhaa. Insha iliyobadilishwa jina la chuo tu inajulikana tangu aya ya kwanza, na kuna wanaosahau hata kulibadilisha.

Wakumbuke pia wanaokuandikia barua. Meneja wako wa kitengo akijaza fomu nane tofauti, ya nane haitakuwa kama ya kwanza. Mwombe ruhusa mapema, mpe orodha yenye tarehe zote, mpe na wasifu wako.

Usaili nao unahitaji muda. Utaulizwa kwa nini mgonjwa wa sepsis (maambukizi makali yaliyoathiri mwili mzima) anaanzishiwa norepinefrini, dawa ya kupandisha presha, inagusa vipokezi gani, na utafanya nini presha isipopanda. Kuyajibu kwa utulivu mbele ya watu watano kunahitaji mazoezi ya sauti, siyo kusoma kimya kimya kitandani.

Hatua ya 7: Sasa weka namba

Kama sayansi yako iko 3.5 au zaidi, una CCRN, ICU nzito na uhuru wa kuhama, vitatu hadi vitano vinatosha. Kama uko katikati, vitano hadi saba, viwili kati yake viwe vile ambavyo sifa zako ziko wazi juu ya kima chao. Kama GPA ya zamani ni ya chini lakini umeshaonyesha A za karibuni, nenda hadi nane au tisa, ukitanguliza vyuo vinavyohesabu krediti 60 za mwisho. Kama familia haiwezi kuhama, omba viwili au vitatu vilivyo jirani na ujipange kwa misimu miwili.

Kumi na zaidi sijawahi kumshauri mtu.

Hatua ya 8: Panga mfuatano, kisha jibu kila ofa

Vyuo vinavyodahili kadiri maombi yanavyoingia, tuma mapema, wiki ambayo dirisha limefunguliwa ukiweza. Vile vyenye tarehe moja ya mwisho, tuma angalau wiki tatu kabla, maana tathmini za vyeti vya nje huchelewa. Usianze na chuo unachokitaka kuliko vyote. Anza na cha pili au cha tatu, insha ikomae.

Ukikataliwa kote, andika kwa kila chuo kuomba maoni. Siyo vyote vitakavyojibu, lakini majibu mawili yakitaja kitu kimoja, hicho ndicho cha kushughulikia kabla ya msimu ujao.

Ukipata nafasi na ukalipa ya kuishikia, waandikie wengine siku hiyo hiyo kwamba umejitoa. Kwenye orodha yao ya kusubiri yuko nesi mwingine anayeangalia simu yake kila saa.