Namna ya kumtuliza mtoto maumivu nyumbani baada ya upasuaji

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri au tohara katika hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao, kusini mwa Tanzania, huenda akaruhusiwa kurudi nyumbani mapema, na ganzi ikaisha gari likiwa bado njiani kuelekea Newala au Liwale. Kwa hiyo maandalizi yaanzie wodini: mzazi aombe mtoto apimwe uzito, aandikiwe dozi kwa mililita na kwa saa, na apewe bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani.

Kwa mtoto aliyezidi miezi 3, kipimo cha kawaida cha parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 atahitaji miligramu 180, ambazo katika dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5 ni mililita 7.5. Mzazi asome kibandiko kila mara, maana chupa hutofautiana nguvu. Katika siku mbili za mwanzo dawa itolewe kwa saa bila kungoja kilio: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Daktari akiongeza ibuprofeni, dawa nyingine ya maumivu, dawa hizo mbili huweza kutumika pamoja kwa sababu hufanya kazi kwa njia tofauti. Ila ibuprofeni haimfai mtoto anayetapika, anayeharisha au mwenye maradhi ya figo. Aspirini asipewe kabisa.

Huku kwetu kijana wa jandoni husifiwa kwa kuvumilia, na sifa hiyo ina mahali pake, lakini mtoto aliyetoka upasuaji akinyamaza haina maana kwamba haumwi. Asiyeweza kujieleza atazamwe uso, namna anavyokunja miguu, anavyokataa kunyonya au kuchezewa. Mkubwa aulizwe mwenyewe, naye aaminiwe.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni dawa zilizobaki kabatini, au zinazopendekezwa dukani kwa kuwa ni "kali". Mojawapo ni kodeini, dawa ya maumivu ambayo hugeuzwa na ini kuwa mofini, dawa yenye nguvu zaidi, na wapo watu waliorithi ini linaloigeuza haraka mno. Baadhi ya watoto waliotolewa mafindofindo walipoteza maisha kwa dozi za kawaida za kodeini kwa sababu pumzi ilikatika usingizini. Shirika la Afya Duniani liliiondoa kodeini katika mwongozo wake wa watoto wa mwaka 2012, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza kwamba kodeini na tramadoli, dawa nyingine ya jamii hiyo, zisitumiwe kutibu maumivu ya walio chini ya miaka 12. Mofini yenyewe si adui: hospitalini hutolewa kwa kipimo, muuguzi akihesabu pumzi.

Mtoto akisinzia kiasi cha kutoamshika, akipumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida yake, arudishwe hospitali mara moja hata kama ni usiku. Arudishwe pia maumivu yakizidi licha ya dawa, kidonda kikivimba au kutoa damu, au akikosa kukojoa. Chupa za dawa na karatasi ya saa alizopewa dozi zichukuliwe pamoja naye.