Stourhead: tembea ziwa likiwa kushoto, na ugeuke nyuma

Bustani ya Stourhead, kule Wiltshire nchini Uingereza, ina njia inayolizunguka ziwa, na watu wengi huipita kama wanaowahi basi. Wanafika kwenye jengo, wanapiga picha, haoo. Nami nilikuwa hivyo hivyo safari mbili za mwanzo.

Ingia kwa upande wa kijiji cha Stourton. Utakutana na Msalaba wa Bristol, mnara wa mawe wenye sanamu za wafalme. Ulijengwa mjini Bristol karne ya 14, ukahamishiwa hapa miaka ya 1760. Simama hapo kwanza. Mbele yako kuna daraja la matao matano lililooteshwa nyasi juu, na ng'ambo kabisa kuba la Pantheon, jengo la mtindo wa hekalu la Kirumi. Mandhari hayo yalipangwa. Henry Hoare, mwenye benki aliyeanza kuijenga bustani miaka ya 1740, hata ziwa alilitengeneza mwenyewe kwa kuuzuia mto Stour kwa tuta.

Sasa fuata ukingo, maji yakiwa kushoto kwako. Hekalu la Flora, mungu wa kike wa maua wa Warumi, utalimaliza upesi: nguzo chache, na juu ya mlango Kilatini kinachowafukuza wasiotakasika. Wewe pita tu.

Mbele kuna pango la kujengwa, na hapo ndipo pa kutulia. Ukiingia usitembee mara moja. Ngoja macho yazoee giza, maana chini kuna mawe na unyevu, na viatu vya soli laini vitakuaibisha. Utasikia maji kabla ya kuyaona. Kuna sanamu ya mwanamke aliyelala juu ya chemchemi, halafu mungu wa mto mwenye sura ya mzee, na tundu linalochungulia ziwani. Shangazi yangu aligoma kuingia. Alisema pango lenye sanamu lina wenyewe, akatangulia.

Nilimkuta Pantheon, jengo la msanifu Henry Flitcroft la miaka ya 1750. Ndani Hercules, shujaa wa hekaya za kale, wa marumaru, kazi ya mchongaji Rysbrack, amesimama na misuli yake yote, naye shangazi kampa mgongo, amekaa kwenye ngazi. "Tazama kule ulikopita mbio," akaniambia. Ng'ambo ya maji lilikuwa Hekalu la Flora, dogo, jeupe, limekaa mahali pake hasa. Basi kila ukifika jengo, litafute ulilotoka.

Vuka tuta, kisha panda kwa Apollo, hekalu la duara la mwaka 1765. Mlima ni mkali; mwenye magoti mabovu abaki chini bila kuona haya. Anayepanda atayaona majengo karibu yote kwa pamoja. Ukishuka, njia hupita chini ya barabara na kukurudisha kijijini.

Kama unataka picha ya kutoka msalabani, fika asubuhi. Pantheon inatazama mashariki. Jioni uso wake uko kivulini.