Usiupunguze ukingo: namna ya kutambua na kutunza mchoro wa kale wa bamba la shaba

Hapa Mbuyuni, Moshi, kazi yangu ni fremu: picha za harusi, za mahafali, za marehemu. Lakini hutokea mtu akaleta karatasi iliyotoka kwenye sanduku la babu aliyesoma Ulaya: miti, benchi, njia ya bustani ya mjini, na sahihi ya penseli pembeni chini. Kitu cha kwanza anachoniomba ni kuikata iingie kwenye fremu aliyokwisha kuinunua. Nakataa.

Isogeze dirishani, mwanga uipige kwa ubavu. Ukiona alama ya mstatili iliyobonyea kuzunguka mchoro, hiyo ni nyayo ya bamba. Msanii alilipaka bamba la shaba au zinki nta, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala pale penye mikwaruzo tu. Wino ukajazwa humo, uso ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu, vyote vikapitishwa kwenye mashine ya roli nzito. Mgandamizo huo ndio ulioacha alama. Ukikata ukingo, umeutupa ushahidi huo, pengine na sahihi.

Chukua lenzi. Vinukta vilivyojipanga safu safu ni dalili ya picha ya kiwandani. Maandishi kama 12/50 yana maana ya nakala ya 12 kati ya 50. Majengo yakiwa yamegeuka kulia kushoto, usishtuke; bamba huchapa kama kioo kinavyoonyesha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mmarekani Edward Hopper, wa 1921: mtu peke yake kwenye benchi la bustani, usiku, anasoma gazeti chini ya taa. Hopper alitaka wino mweusi kabisa juu ya karatasi nyeupe kabisa. Basi fikiria karatasi hiyo ikigeuka kahawia. Taa imezimika.

Na kinachoigeuza kahawia ni vitu tunavyovitumia kila siku: selotepu, gundi ya mbao, hadibodi iliyogusana na karatasi. Tumia kadibodi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma. Ya mbele ikatwe dirisha pana, alama ya bamba ionekane, na karatasi isiguse kioo. Masika ya hapa yakianza, unyevu huigandisha kwenye kioo na kuvu huota. Ishikize kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba, upande wa juu tu, kwa uji wa wanga wa ngano. Ukizibana pande zote nne, itajikunja, maana karatasi hutanuka na kusinyaa.

Itundike ukuta wa ndani, mbali na jua.

Ikiwa imeshabandikwa kwenye hadibodi, usiivute wala kuiloweka. Ilaze bapa mahali pakavu, ndani ya karatasi safi isiyo na asidi, mpaka umpate mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka.