Kupanga sauti ya sabufa sebuleni, kuanzia dansi la zamani hadi singeli

Ekolaiza, yaani vitufe vya kupandisha na kupunguza bezi na sauti nyembamba, iguse mwisho. Nyumba nyingi za mjini Tabora na Kigoma zina sakafu ya saruji, kuta za tofali na bati juu, hivyo sauti hugonga na kurudi, na trebo (sauti nyembamba za juu) hukwaruza hata kwa volyumu ndogo. Zulia mbele ya spika, pazia zito na kochi la sponji hufanya kazi ambayo kitufe hakiwezi.

Rudisha vitufe vyote sifuri, kisha kagua nyaya: mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Piga wimbo wa mwimbaji mmoja, ukae katikati ya spika mbili. Sauti yake isipotokea katikati, na bezi ikawa nyembamba, upande mmoja umegeuzwa. Geuza nyaya za spika moja tu. Ukigeuza zote mbili utarudi palepale.

Sabufa nayo wengi huisukumia konani ili ingurume. Inanguruma kweli, ila noti moja inavuma na nyingine zimelala. Wimbi la Hz 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) lina urefu wa mita 8 hivi, kwa hiyo chumba cha mita 4 hulivimbisha. Ipandishe sabufa kwenye kiti unachokalia, piga wimbo ambao gitaa la bezi linatembea, kisha tambaa kandokando ya ukuta, sikio liwe karibu na sakafu. (Watoto watacheka, waache.) Pale noti zote zinaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka. Mara nyingi kuisogeza sentimita 40 au 60 tu kunatosha.

Sasa muziki wenyewe. Rekodi za dansi za miaka ya 1970, mfano Tabora Jazz na segere matata yao, kwa kawaida ni mono (spika zote hutoa sauti ileile) na bezi yake haishuki sana; ukiipandisha unaongeza mvumo mtupu. Punguza sabufa, ongeza desibeli 2 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kHz 1 na 3 (kHz 1 ni Hz 1,000) magitaa yaongee, na mkanda ukitoa mlio wa "shhh" punguza desibeli 3 juu ya kHz 8. Kwaya hulemewa kwenye Hz 200 hadi 300, sauti zinaporundikana: toa desibeli 2 au 3 hapo. Usipandishe kHz 5 na kuendelea, "s" zitachoma.

Bongo fleva imeshajazwa bezi studio, iache sifuri. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, na desibeli 10 zinadai mara 10. Ikiishiwa nguvu, hukata vichwa vya mawimbi, na inayoungua ni twita (spika ndogo ya sauti za juu) ingawa kosa ni la bezi. Kwa singeli, itoe sabufa konani kabisa na uipunguze, ili kila pigo liishe kabla la pili halijafika.

Ukisikia kitu kinatetemeka usiilaumu spika kwanza. Muziki ukiendelea, bandika kiganja kwenye kioo cha kabati, fremu ya picha, nondo za dirisha. Kelele ikikoma, umekipata. Kipande cha karatasi kilichokunjwa kinatosha kukibana. Kama kelele inatoka kwenye spika kweli, zima, kisha sukuma koni (ile karatasi ya spika inayotetemeka) taratibu kwa vidole viwili vilivyo pande zote mbili za kitovu chake. Ikikwaruza ndani, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, na hapo ni kwa fundi.