Kompyuta za gari zisiposikizana, pima nyaya kabla ya kununua

Taa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki), injini na usukani zikiwaka kwa pamoja, na mshale wa spidi umelala sifuri huku gari linakwenda, usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Hapa Malindi naona wateja wakiambiwa hivyo, wanakopa pesa, wananunua kompyuta iliyotumika, na taa zinabaki palepale. Inaniuma, kwa sababu vipimo vya kwanza vya nyaya vinahitaji multimita ya kawaida tu, kile kifaa cha kupimia volti na omu.

Kompyuta za injini, gia, breki na dashibodi huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo ni CAN, na Bosch waliutangaza mwaka 1986. Waya mmoja ni CAN ya juu, wa pili CAN ya chini, na kila mwisho wa njia kuna rizista, kipande kinachozuia umeme kiasi, ya omu 120.

Soma kompyuta zote kwa mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu, si ya injini peke yake. Misimbo ya mawasiliano huanza na herufi U. Andika kwenye karatasi nani analalamika, na anamlalamikia nani. U0121 ndani ya kompyuta ya injini haisemi injini ni mbovu, inasema haiisikii ABS. Kama gia na dashibodi nazo zinasema hivyo hivyo, na ukiiita ABS haiitiki, basi kazi yako iko ABS. Pima na betri pia: betri dhaifu ikishuka sana wakati wa kupiga stata, misimbo ya U hujaa bila waya wowote kukatika. Ichaji, futa, soma tena.

Sasa zima gari, toa tamino hasi ya betri, subiri dakika chache. Weka multimita kwenye omu, ncha moja tundu namba 6 la soketi ya OBD (ile unayochomekea mashine ya kusoma misimbo), nyingine namba 14. Rizista mbili za 120 zikiwa sambamba hutoa 60. Ukipata 120, njia imekatika mahali au rizista moja haipo. Ukipata 40, kuna rizista ya tatu, na hapo mimi huuliza kama kuna kompyuta iliyobadilishwa. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana: acha multimita palepale, chomoa plagi za kompyuta moja moja mpaka namba ipande. Ikipanda hadi 120 usishtuke, uliyoichomoa ndiyo iliyobeba rizista. Ukimaliza zote na namba haijapanda, mgusano uko kwenye nyaya zenyewe.

Magari mengine yana kompyuta ya kati inayotenganisha soketi na njia za ndani. Kwa hayo tafuta mchoro wa nyaya wa modeli hiyo, upime nyuma ya kompyuta hiyo ya kati.

Rudisha betri, fungua swichi, pima volti za kila waya dhidi ya athi (upande hasi wa umeme), tundu namba 4 au 5. CAN ya juu huwa juu kidogo ya volti 2.5, ya chini huwa chini yake kidogo, na ukizijumlisha unapata karibu 5. Ukiona 12, waya umegusa umeme. Ukiona sifuri, umegusa bodi.

Kinachotutesa sana pwani ni chumvi. Nilipokea gari la kubeba samaki kwenda Mombasa, mwenyewe ameshaambiwa anunue kompyuta ya ABS. Kwenye soketi nilipata 60, volti nzuri, ABS tu iko kimya. Nikaipima umeme na athi kwa balbu ya wati 21, maana multimita huonyesha volti 12 hata waya ukiwa umebakiwa na uzi mmoja. Balbu ikawaka vizuri. Nikachomoa plagi ya ABS, nikapima omu kati ya pini zake mbili za CAN. Badala ya 60, multimita ikaonyesha hakuna njia kabisa, si sifuri. Tawi lake, yaani nyaya zinazotoka njia kuu kwenda ABS, limekatika. Kuinua zulia upande wa abiria, limelowa na linanuka: maji ya barafu ya samaki yalikuwa yakiteremka mpaka kwenye plagi ya kuunganishia. Pini ya CAN ya chini ilikuwa ya kijani, imeliwa, nilipoigusa ikavunjika.

Pini ya namna hiyo usiikwangue. Kata waya mpaka ufike shaba inayong'aa, funga pini mpya, zisokote nyaya tena mpaka karibu na plagi. Panapohitaji kuunganishwa, lehemu na uvike mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Utepe mtupu hauzuii chumvi. Taa ya kupimia isiguse kabisa nyaya za CAN, na usitoboe ganda la waya kwa sindano ili kupima, kwani tundu hilo ndilo litakaloingiza unyevu msimu wa mvua.

Halafu futa misimbo, liendeshe gari mpaka Mambrui na kurudi, upitie palipo na mashimo, na usome kompyuta zote upya kabla ya kumkabidhi mwenyewe funguo.